Tamasha la ndege mwaloni: lilianzia wapi, na ndege wanafaidi nini

Swali: Sisi ni kikundi cha wavuvi, akina mama wasuka mikeka na walimu wawili katika mwalo mmoja (bandari ndogo ya wavuvi) wa Ilemela, Mwanza. Mbele yetu kuna kisiwa cha mawe ambako minandi na yangeyange hulala na kuzaliana, na pembeni kuna mafunjo. Tunasikia nchi nyingine kuna matamasha ya ndege. Yalianzaje? Yanawasaidia ndege kweli, au ni ngoma na fulana tu? Na tukitaka la kwetu, tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu zangu, tamasha peke yake haliokoi ndege hata mmoja. Kinachowaokoa ni makubaliano ya watu wanaoishi nao: kipi kimekatazwa, wapi, miezi gani, na atakayevunja atatozwa nini. Tamasha ni siku ya kuyatangaza makubaliano hayo mbele ya kadamnasi na kuyahuisha kila mwaka. Palipotangulia makubaliano na tamasha likafuata, ndege wameongezeka. Palipotangulia jukwaa, mara nyingi kimebaki picha za mgeni rasmi.

Historia yenyewe ina zaidi ya miaka 130. Tarehe 4 Mei 1894, katika mji wa Oil City, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, msimamizi wa shule Charles Babcock aliwaandalia wanafunzi wake Siku ya Ndege. Wakati huo ndege waliuawa kwa wingi ili manyoya yao yapambe kofia za wanawake, na walioumia sana ni yangeyange, jamaa wa hao wanaolala kwenye kisiwa chenu. Siku hiyo ilienea mashuleni. Miaka sita baadaye likaja jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote katika historia hii. Palikuwa na desturi ya kugawana makundi mawili siku ya Krismasi na kwenda kuwinda. Kundi lililorudi na rundo kubwa la mizoga ndilo lililoshinda. Mwaka 1900 Frank Chapman akapendekeza watu watoke vilevile, ila wakahesabu ndege badala ya kuwaua. Mwaka ule wa kwanza walijitokeza watu 27. Hesabu ile inafanyika hadi leo kila mwisho wa mwaka, na imekuwa hazina ya takwimu ambazo wanasayansi wanazitumia kujua ndege gani wanapungua. Angalieni alivyofanya: hakuwanyima watu mashindano yao, alibadilisha kinachoshindaniwa.

Upande wa Ulaya, mwaka 1989 yalianza maonyesho makubwa ya ndege huko Rutland Water, Uingereza, ambako watu waliuza darubini, vitabu na safari, na faida ikapelekwa kwenye kazi za uhifadhi. Kwetu Afrika Mashariki, Siku ya Ndege Wahamao Duniani ilizinduliwa Laikipia, Kenya, mwezi Aprili 2006, chini ya mkataba wa ndege wahamao wa majini wa Afrika na Ulaya, ambao Tanzania ni mwanachama. Tangu 2018 huadhimishwa mara mbili kwa mwaka, Jumamosi ya pili ya Mei na Jumamosi ya pili ya Oktoba. Kwa hiyo hamhitaji kubuni siku, ipo.

Sasa tuje kwenye faida. Mifano miwili kutoka India inawafaa kuliko yote ya Ulaya na Marekani, kwa sababu ya kwanza inahusu wavuvi na ya pili inahusu jamaa wa ndege mnayemfahamu.

Kijiji cha Pangti kiko jimbo la Nagaland, kando ya bwawa la umeme la Doyang. Kila Oktoba na Novemba kozi wa Amur, ndege wadogo wa jamii ya kipanga wanaotoka mashariki ya Asia, hutua hapo kwa malaki kula kumbikumbi kabla ya kuvuka bahari kuja Afrika. Mwaka 2012 iligundulika kuwa wavuvi wa bwawa walikuwa wakitundika nyavu zao za samaki kwenye njia ya ndege jioni. Makadirio yalikuwa ndege 12,000 hadi 14,000 kwa siku, na zaidi ya 100,000 kwa msimu, wakiuzwa kama kitoweo. Mwaka uliofuata hakuuawa hata mmoja. Kilichofanyika katikati hakikuwa tamasha. Mabaraza ya vijiji yalikaa na kupitisha azimio lenye faini, makanisa yakalisemea, serikali ikafanya doria, na wawindaji wenyewe wakageuzwa walinzi wa mahali ndege wanapolala. Novemba 2013 ndege watatu walifungwa vifaa vya setilaiti na kupewa majina Naga, Wokha na Pangti, na watu wakafuatilia safari yao ikivuka Bahari ya Hindi hadi Afrika. Jina la kijiji likiruka angani, mtoto wa kijiji hicho hataki tena kusikia habari ya nyavu. Sherehe na watalii vilikuja baada ya hapo.

Mfano wa pili ni Assam. Huko yuko hargila, korongo mkubwa mwenye kipara na mfuko shingoni, ndugu wa damu wa kongoti wetu wanaosimama Mwaloni Kirumba wakisubiri matumbo ya samaki. Watu walimchukia kwa sababu zilezile mnazozisema nyinyi juu ya kongoti: ananuka, anakula mizoga, anaangusha uchafu uani. Wenye miti walikuwa wakiikata ili aondoke, na viota vikaanguka na makinda yake. Mtafiti Purnima Devi Barman hakuanza na semina. Aliwaendea akina mama, akachukua desturi yao ya kumfanyia sherehe mwanamke mjamzito, akaifanya kwa ajili ya hargila anapokaribia kutaga. Wanawake wakaimba nyimbo zilezile, wakapika vyakula vilevile, wakafuma picha ya hargila kwenye sari na kuziuza. Chini ya viota wakatundika nyavu za kudaka makinda yanayoanguka. Katika vijiji vya Dadara, Pachariya na Singimari viota vilipanda kutoka 28 hadi zaidi ya 250, na mwaka 2023 ndege huyo aliondolewa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, akawekwa ngazi nafuu zaidi.

Karibu zaidi na kwenu, ufukwe wa Uganda, wavuvi wa kinamasi cha Mabamba waliamini kuwa ukikutana na korongo nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, asubuhi, kamongo hutapata siku hiyo, wakawa wanamuua. Leo wavuvi ndio wanaopiga kasia kuwapeleka wageni kumwona, na kinamasi kimetambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu tangu 2006. Mabamba haikuhitaji jukwaa lolote, mapato yalitosha. Nasema hivi ili msije mkaamini kwamba tamasha ni lazima.

Kwenu, jambo la kwanza ni kuchagua tatizo moja. Siyo "kuhifadhi mazingira". Moja, linaloonekana kwa macho, na ambalo chanzo chake kimo mikononi mwa watu wa mwalo huohuo. Mkikaa kikao mtakuta yako kama manne: vipande vya timba (nyavu za uzi mmoja wa plastiki) vinavyotupwa kisiwani na kunasa minandi miguuni na shingoni, ndoano za migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi) zinazoachwa na chambo, watoto na manati, na mafunjo yanayochomwa moto kiangazi. Ningekuwa nawachagulia, ningechukua timba kwa mwaka wa kwanza. Nyavu hizo zimeshapigwa marufuku kwa sababu ya uvuvi, kwa hiyo sheria mnayo tayari, na kilo za nyavu zilizoondolewa zinapimika kwenye mzani wa samaki.

Mafunjo ni mazito zaidi na yanagusa riziki ya wasuka mikeka, hivyo msiyaanze kwa katazo. Mafunjo hukua tena kutoka kwenye mzizi wake. Kinachoyamaliza ni moto, kulimwa, na kukatwa tena na tena kabla hayajakomaa, maana mzizi unaishiwa akiba. Gaweni eneo vipande, kila kipande kivunwe mara moja kwa mwaka kwa zamu, na daima pabaki ukanda mrefu usioguswa unaopakana na maji. Ndege wa mafunjo, kama yule tiva mwenye tumbo jekundu na utosi wa njano, anaishi ndani kwa ndani na hahamii kwenye matete mafupi. Mkibakiza vijisehemu vidogo vilivyotengana, mtakuwa na mafunjo bila tiva. Na kumbukeni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Walimu wenu wailete kwenye kikao, isomwe kwa sauti.

Makubaliano yaandikwe. Hapa watu wengi wa mjini hukosea. Kijiji kina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, ambazo lazima zipitishwe na halmashauri ya wilaya. Mtaa hauna mamlaka hayo, na mialo mingi ya Ilemela iko chini ya mtaa. Njia yenu basi ni kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, maarufu BMU, kupitia afisa uvuvi wa kata, au sheria ndogo ya manispaa yenyewe, ambayo huchukua muda mrefu. Wakati mkisubiri, azimio la mkutano wa mwalo lenye saini za wenye mitumbwi linatosha kuanzia. Liwe na vifungu vitatu au vinne tu: hakuna kushuka kisiwani miezi ya viota, hakuna kutupa nyavu wala ndoano, faini ni kiasi gani, na inakwenda mfuko upi. Kifungu cha mfuko ndicho kinacholeta ugomvi mwaka wa pili, kwa hiyo kiandikwe kwa undani kuliko vyote: nani anashika fedha, nani anatia saini, inasomwa lini.

Kisha mhesabu, na mhesabu kabla ya tamasha la kwanza. Bila namba ya mwanzo hamtaweza kumwonyesha mtu yeyote kwamba kitu kimebadilika. Hesabu ya ndege wa majini barani Afrika hufanyika Januari kila mwaka; fanyeni yenu wiki hizo ili iweze kulinganishwa na za wengine. Asubuhi fanyeni kati ya saa 12 na nusu na saa 3, kabla upepo wa ziwa haujaanza kutibua maji na joto halijaleta mitetemo kwenye darubini. Gaweni ufukwe vipande vya mita 500, kila kipande watu wanne: mmoja anatazama na kutaja, mmoja anaandika, mmoja anahesabu upya kwa macho, mmoja anaangalia ndege wanaopita toka nyuma ili wasihesabiwe mara mbili. Andikeni muda mlioanza na kumaliza, idadi ya watu, hali ya upepo. Wengi huandika ndege tu. Mwakani wakienda watu ishirini badala ya wanne, ndege wanaonekana wameongezeka kumbe yameongezeka macho.

Kwa kisiwa, hesabu ya maana ni ya jioni. Simameni nchi kavu au kwenye mtumbwi uliotia nanga mbali, kuanzia saa 11 hadi giza liingie, mkihesabu wanaorudi kulala, kila dakika tano mstari mpya. Minandi hurudi kwa mkururo. Hesabuni kumi za kwanza mmoja mmoja, mjue kumi zinaonekana urefu gani, kisha mwende kwa kumi kumi. Wawili wahesabu bila kuambiana. Wakitofautiana zaidi ya moja ya kumi, rudieni jioni inayofuata. Viota hesabuni kwa darubini kutoka umbali wa mita 100 hivi, msishuke. Mzazi akiondoka, yai juu ya jiwe la Mwanza linapikwa na jua kwa muda mfupi sana, na mwewe na kenge hawahitaji mwaliko.

Darubini nunueni za 8 kwa 42 au 8 kwa 32, yaani zinazokuza mara 8, zenye kioo cha mbele cha milimita 42 au 32. Za 10 zinavutia dukani lakini kwenye mtumbwi zinatikisika. Sita zinatosha watu arobaini wakipokezana. Teleskopu moja yenye miguu mitatu inafaa kuliko darubini nyingine sita, maana mzee asiyejua kulenga darubini anainama tu na kuona.

Tarehe. Jumamosi ya pili ya Oktoba inawafaa kwa sababu wahamaji wa Ulaya na Asia wameshaanza kufika na mvua za vuli bado hazijashika. Mei wengi wao wameshaondoka. Ulizeni pia ratiba ya mitihani, ili wanafunzi wa darasa la nne msiwatoe wiki ya mtihani wao. Kama shule ina Klabu ya Malihai, klabu ya wanafunzi ya kuhifadhi wanyamapori, mnao tayari watoto waliozoea mambo haya.

Siku yenyewe ipangwe kwa saa za ndege, siyo za protokali. Kuangalia ndege kuanze saa 12 na nusu, mgeni rasmi aalikwe saa 4. Nimeona mialiko mingi inayosema saa 2 kwa kuangalia ndege "mara baada ya hotuba". Hotuba huisha saa 6 mchana, na ndege aliyebaki ni kunguru. Spika zielekezwe nchi kavu, mbali na kisiwa. Hakuna kwenda kisiwani siku hiyo, hata waandishi wa habari, hata mheshimiwa. Mitumbwi ya kuangalia iwe michache, kila abiria na jaketi la kuokolea, na nahodha aruhusiwe kukataa abiria wa ziada bila kuulizwa. Baada ya ajali ya kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018 sioni sababu ya kueleza zaidi. Msipige sauti za ndege kwa simu kuwatoa kwenye mafunjo. Msilete ndege hai kwenye vizimba, hasa korongo taji, ambaye tayari yuko hatarini kutoweka na hukamatwa akiwa kinda ili akafugwe. Ukimwonyesha kizimbani, wapo watakaorudi nyumbani wakiulizia bei.

Kuhusu ngoma, hapo Mwanza mna mtaji ambao Rutland hawakuwa nao. Bulabo, sherehe ya ngoma za Kisukuma ya Bujora, Kisesa, iliyoanzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, huwakusanya watu kila Juni kuangalia Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wakishindana kuvuta watazamaji. Ushindani huo watu wanaujua tangu utotoni. Utumieni: pande mbili za mwalo, kila moja na ngoma yake, lakini pointi zinatokana na kilo za timba na ndoano zilizoletwa mwaka mzima, na ngoma inaamua pale pointi zinapolingana. Msishindanishe nani ameona aina nyingi za ndege. Mashindano hayo huzaa orodha za uongo, na orodha ya uongo inaharibu hesabu ya Januari.

Watakuja pia wakulima wa mpunga wakiuliza mbona mnatetea kwelea kwelea. Wana haki ya kuuliza. Wajibuni kwamba tamasha linahusu ndege wa kisiwani na wa mafunjo, na kwamba udhibiti wa kwelea ni kazi ya serikali. Wakati huohuo waambieni hatari ya sumu: katika mashamba ya Bunyala upande wa Kenya, watu walitega korongo kwa konokono waliopakwa kiuatilifu cha shambani, kisha nyama ikauzwa kwa watu. Kwa mkulima mwenye watoto, hilo linaingia kuliko somo la mfumo wa ikolojia.

Fedha. Kwa kila shilingi 100 mtakayopata, 40 ziende kwenye kazi za mwaka mzima: doria, mafuta, kuhesabu, 25 vifaa vinavyobaki, 20 chakula na usafiri, zisizidi 15 jukwaa na burudani. Mfadhili akitaka fulana kwanza, mshukuruni na mwombeni alipie teleskopu yenye jina lake. Posho amueni mapema, wapewe wote au asipewe yeyote. Mara mtu mmoja anapolipwa kwa siri kuhesabu ndege, mwakani hamna wa kujitolea.

Mtajuaje kama inafanya kazi? Angalieni vitu vinne kila Januari: idadi ya wanaolala kisiwani, idadi ya viota katika mwezi uleule, kilo za nyavu zilizotolewa, na picha ya mafunjo iliyopigwa kutoka jiwe lilelile. Chagueni pia mwalo wa pili usio na tamasha mhesabu hapo, kwa sababu Ziwa Victoria lina mambo yake. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1964, na 2024 yakapanda tena. Maji yakipanda, mafunjo hung'oka na kuelea, mawe ya kulalia huzama, ndege huhama. Kama wamepungua kwenu na kwenye mwalo wa pili vilevile, msilaumiane, ni ziwa. Kama wamepungua kwenu tu, tafuteni mtu aliyeshuka kisiwani.

Msitegemee mabadiliko ya viota mwaka wa kwanza. Kilo za timba zitaonekana mara moja, wanaolala kisiwani huenda mwaka wa pili au wa tatu. Kwa hiyo azimio lenu lisomwe upya kila Oktoba, majina ya waliotozwa faini yasomwe pamoja na mapato ya mfuko, na namba za Januari ziandikwe kwa rangi kwenye ubao mkubwa pale samaki wanapopimwa, ambapo kila mtu hupita. Kazi ya wiki hii ni ndogo: watu wawili, saa 11 jioni, daftari na kalamu, wakitazama kisiwa.